Dawa ya flekainidi iliua wagonjwa wa moyo Marekani, leo anapewa mtoto kwa sababu ilimponya panya. Hii imekaaje?

#1 Kamongo
Wakuu habari za jioni. Naenda kwenye mada.

Dada yangu anaishi Uholanzi. Mwanawe wa pili, miaka 11, alizimia kwenye bwawa la kuogelea mwezi wa tano, akazimia tena shuleni kwenye mbio za kupokezana vijiti. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kulala kitandani ikatoka safi. Wakamkimbiza kwenye mashine, mapigo yakaanza kurukaruka, wakasimamisha haraka. Vipimo vya jeni vimerudi: ugonjwa wa kurithi unaoitwa CPVT. Akaanzishiwa nadololi, dawa ya kuukinga moyo na adrenalini, na wiki iliyopita wakaongeza dawa ya pili, flekainidi.

Dada akamuuliza daktari, hii ya pili ilijulikanaje kuwa inafaa? Akajibiwa kwamba ilianzia kwa panya wa maabara walioondolewa jeni fulani. Basi mimi usiku nikaingia mtandaoni, nikakuta flekainidi hiyohiyo ilijaribiwa Marekani kwenye utafiti ulioitwa CAST, watu wakafa, ikasimamishwa 1989.

Sasa naomba wenye uelewa mnisaidie. Panya ana moyo wa ukubwa wa punje ya kunde, unapiga mara 600 kwa dakika. Ukisema dawa imemfaa yeye, mtoto wetu anaingiaje hapo? Na waliokufa je?

#2 Chachandu
Wale panya wa Morogoro wananusa mabomu na TB, kumbe wenzao Ulaya wameshakuwa madaktari bingwa wa moyo. Sisi tupo tu na vyeti vyetu.

#3 Mama Tatu
Pole sana Kamongo. Mwambie dada asiache wala kupunguza dawa hata siku moja kwa ajili ya maneno ya humu. Nasema hivyo kwa sababu, nitarudi kueleza.

#4 Stetho
Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa moyo, kwa hiyo wanaojua zaidi wanirekebishe.

Kamongo, umechanganya wagonjwa wa aina mbili. CAST ilichukua watu waliokwisha kupata shambulio la moyo, yaani sehemu ya msuli imekufa ikaacha kovu. Walikuwa na mapigo ya ziada, na imani ya wakati ule ilikuwa kwamba ukiyazima umezuia kifo. Dawa ikayazima kweli, na watu wakafa zaidi. Pembeni ya kovu umeme wa moyo unapita kwa kusuasua, flekainidi inauchelewesha zaidi, mwisho unaanza kuzunguka kovu kama gari lililokosa njia ya kutokea kipilefti.

Mtoto wa dada yako hana kovu. Ukimpiga picha ya moyo huoni kitu. Shida yake iko ndani ya seli. Kila seli ya moyo ina ghala la kalsiamu. Kwa kila pigo mlango wa ghala unafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikunja, kisha kalsiamu inarudishwa ghalani. Mlango huo unaitwa RYR2. Kwa wenye CPVT mlango unavuja, hasa adrenalini ikipanda: akikimbia, akishtuka, akiogelea. Kalsiamu iliyovuja lazima itolewe nje ya seli, inatolewa kwa kubadilishana na sodiamu, na mabadilishano hayo yanaacha chaji ya ziada. Moyo unapiga kabla ya zamu yake.

Ndiyo maana ECG ya kitandani ilikuwa safi. Kitandani hakuna adrenalini ya maana.

#5 Mlamba Asali
Stetho unapamba. CAST iliua maelfu.

#6 Kitasa
Mlamba Asali, tuheshimu namba. Kwenye taarifa iliyotoka 1991 watu walikuwa 1,498. Waliopewa flekainidi au mwenzake enkainidi ni 755, wakafa 63. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ni 743, wakafa 26. Ni mbaya sana, lakini si maelfu.

#7 Mlamba Asali
Nilimaanisha waliokuwa wanaandikiwa dawa hizo mahospitalini kote kabla utafiti haujatoa jibu. Hao nani aliwahesabu?

#8 Kitasa
Hapo una hoja. Ila ni hoja nyingine.

#9 Mzizi wa Mbuyu
Nimesubiri mada kama hii miaka. Kaeni chini.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa vizuri na Philippe Coumel, Paris, 1978: watoto wanaozimia wakicheza, moyo hauna kasoro inayoonekana. Mwaka 2001 ndipo jeni zikapatikana, na kwa haraka. Kundi la Silvia Priori wa Pavia, Italia, likakuta kasoro kwenye RYR2. Mwaka huohuo kundi la Israeli likakuta kasoro kwenye jeni nyingine, CASQ2, kwa familia za Mabedui zilizokuwa na ukoo mmoja. CASQ2 inatengeneza protini inayoishika kalsiamu ghalani, tuseme gunia. Gunia likikosekana, nafaka inatambaa sakafuni mpaka mlangoni.

Baada ya hapo wakatengenezwa panya. Pavia wakapandikiza kasoro ya RYR2 iliyotoka kwa mgonjwa, Björn Knollmann na wenzake Marekani wakaiondoa CASQ2 kabisa. Panya hao wanazaliwa, wanakula, wanazaana, ukiwatazama huwatofautishi na wengine. Ukiwachoma sindano ya kuamsha adrenalini, moyo unaingia kwenye fujo ileile ya mtoto kwenye mashine, mpaka umbo lake kwenye ECG: mapigo yanayopinduka juu chini, juu chini. Kamongo, hiyo ndiyo nguvu ya panya huyu. Hana "ugonjwa wa moyo" kwa jumla kama unavyodhani. Ana tundu lilelile, mahali palepale.

Mwaka 2009 Knollmann, akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, na Arthur Wilde wa Amsterdam wakatoa majibu: flekainidi ilizuia fujo kwa panya wasio na CASQ2, na kwenye andiko hilohilo wakaeleza wagonjwa 2 ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Amsterdam, Kamongo! Dada yako yuko jirani na ilipoanzia.

#10 Kamongo
Mzizi ahsante. Wagonjwa 2 tu?

#11 Mzizi wa Mbuyu
2 wa kwanza. Mwaka 2011 wakakusanywa 33 kutoka vituo 8. Waliopimwa kwenye mashine kabla na baada walikuwa 29, na 22 kati yao fujo ilipungua au ikaisha. Mwaka 2017 ukafanyika utafiti wa kubadilishana, wagonjwa 14, kila mmoja anapata dawa kwa kipindi na kidonge kisicho na dawa kwa kipindi. Flekainidi ikashinda. Ugonjwa ni adimu, huwezi kupata watu 1,498 kama CAST.

#12 Chachandu
Swali la kitaalamu. Hawa panya weupe wanalipwa posho?

#13 Fundi Vizimba
Wengi wala si weupe. Kabila la panya linalotumika zaidi kwenye kazi za jeni linaitwa C57BL/6, nao ni weusi tii. Nilifanya kazi ya kutunza wanyama wa maabara Uingereza miaka saba, nimewashika kwa maelfu.

Niongeze kitu ambacho wasomi wa karatasi hawakijui. Ugonjwa huu unaamshwa na adrenalini, sawa? Sasa panya anatishika kwa kushikwa tu. Ukimlaza kwa dawa ya usingizi ili umpime ECG, dawa yenyewe inautuliza moyo na inaweza kuficha unachokitafuta. Ndiyo maana wanaojali kazi wanampandikiza kirushio kidogo tumboni, wanamwacha apone, halafu wanasoma mapigo yake akiwa kizimbani kwake anazunguka. Kingine: mwaka 2014 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba panya wakisikia harufu ya mwanaume, hata fulana yake tu, wanapata mfadhaiko. Harufu ya mwanamke haifanyi hivyo.

Kwa hiyo mimi nikiingia zamu na mwenzangu wa kike akiingia zamu, hao ni panya wawili tofauti. Nani ameandika hilo kwenye andiko lake?

#14 Bi Shauri
Hilo la harufu halikuhitaji maabara. Wangeniuliza mimi.

#15 Chachandu
🤣🤣 Bi Shauri!

#16 Kitasa
Turudi. Mzizi anaeleza kama vile tunajua flekainidi inafanya nini kwenye CPVT. Hatujui. Watu wanagombana zaidi ya miaka kumi.

Flekainidi kazi yake iliyozoeleka ni kuziba milango ya sodiamu kwenye ngozi ya seli. Andiko la 2009 likadai inaziba pia mlango wa ghala, RYR2, na kwamba hiyo ndiyo siri. Pavia wakachukua panya wao wa RYR2, wakatoa majibu 2011: kalsiamu inaendelea kuvuja kama kawaida, ila seli haiwashi tena, kwa sababu sodiamu imebanwa. Yaani cheche zipo, petroli hakuna. Mwaka 2015 watu wa Cardiff wakapima mlango wenyewe mmoja mmoja, wakasema flekainidi inazuia chaji zinazopita kuelekea ndani ya ghala, upande ambao kalsiamu haitokei. Umefunga mlango wa uani wakati mwizi anatokea barazani.

#17 Mzizi wa Mbuyu
Kitasa umeishia 2015 kwa makusudi. Kwanza, 2011 hiyohiyo Vanderbilt walipanga dawa za kundi la sodiamu moja baada ya nyingine. Kama siri ni sodiamu, zote zingefanya kazi. Lidokaini inabana sodiamu vizuri sana, na kwa panya wasio na CASQ2 haikusaidia. Zilizosaidia ni zile zinazofika kwenye RYR2.

Pili, 2021 wakaichonga flekainidi upya kidogo, wakapata ndugu yake anayebana sodiamu vilevile lakini RYR2 haiwezi vizuri. Kwa panya akashindwa. Sasa niambie.

#18 Kitasa
Nakwambia: panya ni wa nani? Kwenye ugomvi huu Vanderbilt wanatumia panya asiye na gunia, Pavia wanatumia panya mwenye mlango mbovu. Ni magonjwa mawili yenye jina moja. Na wagonjwa wengi ni wa mlango, si wa gunia.

#19 Mzizi wa Mbuyu
Hilo nakubali nusu.

#20 Stetho
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Dawa moja, mifereji miwili, na kila mmoja wenu ameweka ndoo kwenye mfereji wake.

#21 Jirani wa Likoni
Stetho huyo ni mwanasiasa, anawapa wote kura.

Mimi swali langu ni la hesabu. Tuseme panya anapewa miligramu 12 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 35 basi apewe 420? Si atakufa?

#22 Stetho
Usifanye hesabu hiyo hata kwa utani! Mwili mdogo unachoma dawa haraka zaidi. Kwa kukadiria, kipimo cha panya kwa kilo kinagawanywa kwa 12 na ushee ili kupata cha mtu mzima. Kwa hiyo 12 ya panya ni kama 1 ya binadamu. Na hata hiyo ni ya kuanzia majaribio tu, mgonjwa anapimiwa yeye mwenyewe na damu yake.

#23 Fundi Vizimba
Kisa cha hesabu hiyo kinyumenyume ni Oklahoma, 1962. Walimchoma tembo, jina lake Tusko, LSD miligramu 297, wamepiga hesabu kwa uzito. Tembo alianguka akafa. Mpaka leo wanabishana kama ni LSD au dawa walizomchoma baadaye kumtuliza.

#24 Chachandu
Huku mtaani kwetu ni tembo ndiyo linaangusha watu, na halipimwi kwa uzito.

#25 Mvuvi wa Ziwa
Samahani, mnaongea sana Kizungu kwa Kiswahili. Kijijini kwetu mtoto akizimia majini tunajua ni nini. Kuna familia moja wamezama watoto watatu, wote waogeleaji wazuri. Mganga alisema ziwa limewataka.

#26 Mama Tatu
Mvuvi, mimi wala sikucheki. Nimesema nitarudi.

Binti yangu wa kwanza alianza kuanguka akiwa na miaka saba. Kila akianguka ni wakati wa michezo au akigombezwa. Tuliambiwa kifafa. Alimeza dawa za kifafa miaka minne, na anaendelea kuanguka, wanaongeza dozi. Bibi yake alimpeleka kuombewa, na mimi sikukataa. Siku moja nesi mmoja, mtu mzima wa kustaafu, akaniuliza: "Huyu ameshawahi kuanguka akiwa amelala au ametulia?" Nikafikiri. Hata mara moja. Akasema mpeleke wakampime akiwa anakimbia.

Leo ana miaka 19, yuko kwenye propranololi, ndugu wa nadololi, mara tatu kwa siku. Nadololi nilizunguka maduka ya dawa nikachoka. Alisahau dozi za siku mbili wakati wa mtihani wa kidato cha nne, akaangukia kwenye ngazi za bweni. Kwa hiyo nikisema asiache dawa, nimesema.

Watoto watatu waogeleaji wazuri wa familia moja, Mvuvi, waliobaki wapimwe.

#27 Mvuvi wa Ziwa
Nimekuelewa mama. Yupo mmoja, wa kike. Nitaongea na baba yao.

#28 Kamongo
Mama Tatu, umenikata maneno. Ahsante.

#29 Bi Shauri
Mimi niko Maskati, asili yangu Unguja. Mzizi kataja Mabedui wa ukoo mmoja. Wallahi huku tunaoana mabinamu mpaka majina ya babu yanajirudia. Je, tumekwisha?

#30 Mzizi wa Mbuyu
Bi Shauri, inategemea ni jeni ipi. Ile ya CASQ2 mara nyingi inataka nakala mbovu mbili, ya baba na ya mama. Mabinamu wana babu mmoja, kwa hiyo nakala mbovu ya babu inaweza kukutana na pacha wake kwa mtoto. Ile ya RYR2 inatosha moja tu, haijali umeoa binamu au mtu wa kutoka Alaska. Na mara nyingine inazuka kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wazima.

#31 Bi Shauri
Basi afadhali. Binamu yangu yuko hapa ananitazama.

#32 Msomi wa Jioni
Naomba nimwage mchanga kwenye pilau. Mnamsifu panya kwa sababu CPVT ni ugonjwa wa kalsiamu, na hapo panya anafanana nasi kiasi. Nendeni kwenye ugonjwa mwingine wa kurithi, ule wa QT ndefu, ambao moyo unachelewa kujizima baada ya pigo, muone panya anavyoanguka.

Moyo wa binadamu unajizima baada ya kila pigo kwa kutoa potasiamu kupitia milango miwili mikubwa, mmoja wa KCNQ1 na mwingine wa hERG. Panya aliyekomaa anaitumia hiyo kidogo sana, ana milango mingine ya haraka, kwa sababu akipiga 600 kwa dakika hana muda wa kusubiri. Sasa ukibana hERG kwenye moyo wa panya aliyekomaa, huoni tofauti kubwa. Ndiyo maana mwaka 2008 Gideon Koren na wenzake waliamua kutengeneza sungura wenye kasoro hizo. Sungura moyo wake unajizima kama wetu.

Hata kalsiamu yenyewe, Mzizi, umefunika kombe. Seli ya panya inarudisha ghalani zaidi ya asilimia 90 ya kalsiamu kila pigo. Ya binadamu na ya sungura ni kama 70, nyingine inatolewa nje. Na yale mabadilishano ya sodiamu aliyoyataja Stetho, ambayo ndiyo yanawasha pigo la ziada, yanahusu hiyo inayotolewa nje.

#33 Kitasa
Msomi, nakununulia soda.

#34 Fundi Vizimba
Ongeza na hili. Fujo kubwa kabisa ya moyo, ile inayoua binadamu kwa dakika chache, kwa panya mara nyingi inajizima yenyewe. Moyo ni mdogo mno, mawimbi yanakosa uwanja wa kuzungukia. Kwa hiyo ukisoma "panya wote walinusurika", uliza kwanza wale ambao hawakupewa dawa walikufa wangapi.

#35 Mzizi wa Mbuyu
Basi tumchague nani? Sungura ni ghali, anachukua muda, na huwezi kuwa nao mia mbili. Seli za binadamu zilizooteshwa kwenye sahani kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa ni nzuri, ni jeni zake mwenyewe, lakini zinabaki changa kama za kijusi, hata mpangilio wa ndani haujakamilika. Sahani haizimii. Sahani haina adrenalini ya kuogopa mwalimu.

Na kuna mfano unaompa panya heshima. Cambridge, 2007, walichukua panya wa aina mbili, wote kasoro iko kwenye jeni moja ya sodiamu, SCN5A. Aina ya kwanza sodiamu ni pungufu, kama wagonjwa wa Brugada, ugonjwa mwingine wa kurithi wa umeme wa moyo. Ya pili sodiamu inachelewa kufunga, kama QT ndefu ya aina ya 3. Wakawapa flekainidi wote. Wa kwanza wakaharibikiwa, wa pili wakapata nafuu. Wakawapa kwinidini, ikageuka: wa kwanza nafuu, wa pili balaa. Kwa wagonjwa wa Brugada flekainidi kweli inaamsha ugonjwa, madaktari wanaitumia kuufichua. Jeni moja, dawa moja, majibu mawili yanayopingana, na panya alilijua hilo.

#36 Mlamba Asali
Lakini na mimi nimesoma. Kuna dawa ya Kijapani, JTV519, ilitangazwa 2004 na kundi la Andrew Marks wa New York kwamba inaziba mlango wa ghala na panya wakapona. Mwaka 2006 Pavia wakaijaribu kwa panya wao, haikufanya kitu. Panya kwa panya, ugonjwa uleule. Hapo utasema panya alilijua lipi?

#37 Mzizi wa Mbuyu
Panya wa Marks alikuwa amepunguziwa protini nyingine inayokaa juu ya mlango, mlango wenyewe ulikuwa mzima. Si ugonjwa uleule.

#38 Mlamba Asali
Kila panya akishindwa, "si panya yule". Akifaulu, "binadamu huyo huyo". Endeleeni.

#39 Stetho
😅 Mlamba Asali leo umeamka na nyundo.

#40 Jirani wa Likoni
Hiyo kwinidini ni ndugu wa kwinini yetu ya malaria?

#41 Stetho
Pacha kabisa, zote zinatoka kwenye gome la mkwinini, molekuli zimepinduliwa tu. Zote mbili zinagusa umeme wa moyo, kwinidini zaidi. Ndiyo maana kwinini ya mshipani hukimbizwi nayo, inaachwa idondoke polepole.

#42 Jirani wa Likoni
Na miti hiyo si ndiyo Wajerumani waliipanda Amani kule Usambara? Mjomba wangu alinionyesha.

#43 Chachandu
Sasa mada imefika Tanga. Mimi naona mnazungukazunguka, dawa ya panya ya uhakika inauzwa pale Kariakoo, jamaa ana kipaza sauti: "Panya, mende, kunguni, buku tu!"

#44 Fundi Vizimba
Chachandu unacheka, lakini warfarini wanayomeza watu wenye vali za bandia ilianza kuuzwa 1948 kama sumu ya panya. Ilipofika 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower baada ya shambulio la moyo.

#45 Chachandu
Naomba kusema kwamba nimefunga mdomo.

#46 Kamongo
Wakuu, nimesoma zote, baadhi mara mbili. Nimemtumia dada post #4 na #26, hizo za kugombana nimemwachia. Bado nina swali ambalo hamjaligusa: Kitasa na Mzizi, mmoja wenu akishinda, mtoto anabadilishiwa nini?

#47 Kitasa
Nikishinda mimi, dawa za bei nafuu za kubana sodiamu zijaribiwe kwa makini. Akishinda Mzizi, mnaacha sodiamu kabisa na kutafuta kitu kinachogusa mlango wa ghala peke yake, bila hatari za CAST. Tayari wanacho kimoja Vanderbilt, molekuli ya ukungu (fangasi) iliyotengenezwa kwa kupinduliwa kama taswira ya kwenye kioo, mwaka 2019 ilifanya kazi kwa panya.

#48 Msomi wa Jioni
Kwa panya wa nani?

#49 Kitasa
...wasio na gunia.

#50 Msomi wa Jioni
Haya.

#51 Mzizi wa Mbuyu
Pavia wao wanabeba jeni nzima ya CASQ2 ndani ya virusi visivyodhuru, panya anachomwa mara moja. Lakini nikianza hiyo tutalala hapa.

#52 Mvuvi wa Ziwa
Niko nje ya hoja kidogo. Baba wa yule binti amekubali. Tunaenda mjini wiki ijayo. Mama Tatu, tukifika tuseme tunataka kipimo gani?

#53 Mama Tatu
Semeni: ndugu watatu wamezama, wote wakiogelea. Huyu aliyebaki ameshawahi kuzimia akikimbia au akishtuka? Ombeni ECG ya kukimbia, mkiwa hospitali yenye daktari wa moyo chumbani. Na hadi hapo asiogelee, asikimbie. Nimekutumia ujumbe wa faragha.

#54 Kamongo
Mrejesho. Mtoto amekimbizwa tena kwenye mashine jana, akiwa na dawa zote mbili. Mapigo ya ziada yalitokea machache, yale ya kupinduka hayakuonekana. Bwawani bado marufuku, amekasirika. Daktari alipomweleza habari ya panya, akauliza yule panya wa kwanza aliitwa nani. Akaambiwa panya wa maabara hawapewi majina, wana namba sikioni.

#55 Fundi Vizimba
Daktari hajakaa vizimbani. Sisi tulikuwa tunawapa. Nilikuwa na mmoja nilimwita Mzee Ruksa, alikuwa anatoroka kila Jumatatu.